Bitana ya Koti la Mzee Boazi

Igamba, Mbozi
6 Mei 1951

Mdogo wangu Ketrina,

Salamu hizi zikukute mzima, wewe na shemeji Sadoki na mama mkwe wako, na zaidi ya wote mwanangu Ruti. Sisi huku tupo. Kahawa imeanza kuiva na ukungu hautoki mpaka jua lipande. Yule mzee wa kanisa, Boazi, mwenye koti jeusi lililomfika magotini, tulimzika baada ya Pasaka. Alikuwa mtu mwema, ila mahubiri yake yalikuwa marefu kuliko koti lake.

Darasa langu la kushona linaendelea. Wanawake wanajaa chumbani mpaka wengine wanakaa barazani. Wanadhani mfarishi ni kuunga viraka tu, ujifunike, basi. Kila mgeni anataka kumaliza siku hiyohiyo. Mimi nampa vipande viwili, anashona, namwambia afumue. Anashona tena, namwambia afumue. Akinuna, najua hatarudi. Akicheka, huyo atafaa. Baada ya hapo ndipo tunafua kaniki mpaka maji yatoke meupe, maana kaniki isiyofuliwa huchafua marekani yote nyeupe iliyo jirani yake. Tunaunga viraka, tunatandaza blanketi kuukuu katikati na marekani chini, tunapiga bandi za kushikiza, tunafunga kwenye fremu ya miti, halafu tunashona kuanzia katikati kwenda pembeni. Ukianzia pembeni mikunjo yote inakimbilia katikati, inakaa hapo kama tumbo la mtu aliyekula kiporo.

Jenista, mkwe wa marehemu Boazi, amejifungua mtoto wa kiume na anamshonea mfarishi. Alipungukiwa kitambaa. Nikamuuliza, na lile koti la mzee? Akashtuka, akasema nguo za marehemu bado zimetundikwa, ndugu hawajakusanyika kuondoa matanga na kuzigawa. Nikamwambia alete bitana tu, koti libaki limetundikwa. Bitana ni kitambaa kizuri, ina mistari ya kijivu na haijawahi kuona jua. Aliileta ameishika kwa ncha za vidole. Nilimcheka, na wenzake wakacheka. Nguo ni nguo, Ketrina, na sisi tumebatizwa.

Sasa neno lenyewe. Siku tulipomzika mume wangu Anania ulinikalisha chini mbele ya watu ukaniwekea Ruti mapajani. Ulisema, dada, huyu akikua kidogo atakuja kwako kukuchotea maji, wewe hukujaliwa mtoto na mimi ninao. Sijasahau, na najua hukusahau. Sasa amekua. Mlete baada ya mavuno. Namshonea mfarishi wake mwenyewe, mwekundu katikati.

Dada yako,
Nesta

*

Ndalambo
17 Juni 1951

Dada Nesta,

Shikamoo. Barua yako ililetwa na Osea, yule fundi cherehani wa Tunduma, alipokuja kuwaona wazee wake. Nilimwomba anisomee mara mbili ingawa kusoma najua, kwa sababu akisoma yeye nacheka zaidi. Hapo pa tumbo la kiporo mama mkwe alidhani unamsema yeye.

Sote wazima. Ulezi umekubali mwaka huu. Sadoki alipasua kuni akajikata mguu kidogo, ila anatembea. Ndama tuliyepewa na mjomba alikufa.

Ruti anaringa hapa nyumbani kama bibi harusi. Ukimtuma maji anajibu kwamba yeye maji yake atachota Igamba. Meno yake mawili ya mbele yameng'oka, basi maneno yake yanapita na upepo. Dada, nilisema mbele ya watu na sitageuka. Nitamleta Agosti, ulezi ukishaingia ghalani. Ila umvumilie usiku, anapenda kuegemea mtu.

Mdogo wako,
Ketrina

*

Igamba
2 Agosti 1951

Mdogo wangu mpendwa,

Mimi mzima. Nawasalimu wote, na mguu wa Sadoki nao nausalimu.

Huku surua imeingia. Ilianzia nyumba za bondeni, sasa imepanda. Watoto wengi wameugua na wengine tumewazika. Mtoto wa Jenista ni mmoja wao.

Usimlete Ruti mwezi huu, nakusihi. Ngoja ipite. Mlete Oktoba, kabla mvua haijafunga njia. Nimeshatengeneza kitanda chake cha kamba, kiko karibu na changu ili aegemee. Mfarishi wake umekwisha na nimempa Osea akuletee. Autumie hukohuko, akija aje nao.

Darasa limepungua kidogo kwa sababu ya misiba. Litajaa tena.

Nesta

*

Ndalambo
9 Septemba 1951

Dada mpendwa,

Shikamoo sana. Tunashukuru Mungu surua haijatufikia huku, ingawa tunaisikia. Poleni na misiba, nawe mpe Jenista pole yangu.

Mfarishi umefika. Majirani walikuja kuutazama, wakaugeuza upande wa chini kutafuta mafundo ya uzi, hawakuyaona. Ruti aliukumbatia akasema una harufu ya mama mkubwa, na wewe hajakuona tangu akiwa mchanga.

Oktoba itakuwa ngumu kidogo. Mguu wa Sadoki umeanza kutoa usaha na siwezi kumwacha. Mama mkwe naye kiuno kinamsumbua. Tutazame Novemba.

Mama mkwe anauliza, ni kuuliza tu, vile vipande vya mfarishi ulivitoa wapi? Anapenda kujua.

Ketrina

*

Igamba
14 Oktoba 1951

Ketrina,

Nakusalimu. Wote wazima, nadhani, maana barua yako inaongea viuno na miguu kama duka la mganga.

Mwambie mama mkwe wako kwamba vile vyekundu ni khanga yangu ya harusi. Vingine ni mabaki ya cherehani ya Osea. Kwa nini anauliza? Tangu lini amependa kujua mambo ya kushona, yeye aliyeniambia sindano ni kazi ya wavivu?

Darasa langu lipo. Chumba kimejaa mifarishi siku hizi, sina hata pa kuweka mguu. Bibi wa misheni anayesimamia darasa amesema tupumzike mpaka baada ya Krismasi, nami nimemkubalia kwa sababu nilikuwa nimechoka.

Novemba ndiyo hii inakuja. Sadoki akishindwa kutembea, ndugu zake wako wapi? Mpeni Ruti kwa Osea, atampandisha lori la Tunduma, mimi nitampokea barabarani. Nimepanda maboga nyuma ya nyumba kwa ajili yake. Hapa mtu akipita mlangoni anaona kitanda kidogo kitupu, ananitazama mimi. Usinifanye niwe kichekesho.

Nesta

*

Ndalambo
25 Novemba 1951

Dada,

Shikamoo. Mvua zimeanza. Ruti anakohoa kidogo, si surua. Nadhani tungoje.

Usikasirike.

Ketrina

*

Igamba
30 Desemba 1951

Mdogo wangu,

Krismasi imepita. Nilikwenda kanisani nikakaa benchi letu la siku zote, na benchi lote likawa langu peke yangu. Nakuombea heri wewe na wote waliomo humo ndani.

Sina nguvu ya kukuficha tena. Sina darasa. Tangu Agosti hakuna mwanamke aliyekanyaga kwangu kushona. Nilikuandikia kwamba chumba kimejaa mifarishi, nawe hukuniuliza imejaaje. Ni ile niliyowafundisha kushona. Wamenirudishia. Hakubisha hodi hata mmoja. Nikifungua mlango asubuhi naukuta mfarishi umekunjwa vizuri kizingitini, kama nilivyowafundisha kukunja, na mwenyewe simwoni. Wa kwanza kurudisha alikuwa Jenista. Wanasema mimi niliingiza nguo ya maiti katika nguo za watoto kabla ya matanga kuondolewa, na kwamba mzee Boazi aliifuata bitana yake.

Nimezunguka nyumba kwa nyumba. Nimewaambia surua ni surua, imeua hata kule ambako hawajui mfarishi ni nini. Wananisikiliza kwa heshima. Wananiita mwalimu. Nikiondoka wanafagia nilipokaa, nimewaona.

Ketrina, nakuomba kama mtu anayezama. Mlete Ruti. Sikuombi tena kwa ajili ya maji, maji najichotea. Watu wakiona mama amemtoa mtoto wake aje kulala chini ya dari yangu, tena mama mwenyewe ni ndugu anayenijua, maneno haya yatakosa miguu. Hakuna kingine kitakachonisafisha. Wachungaji wamesema, bibi wa misheni amesema, haikusaidia. Nikimkosa Ruti nitakufa humu ndani nikiwa mchawi wao.

Nijibu upesi. Ukikataa, kataa kwa maneno yako, usiniletee tena kikohozi.

Nesta

*

Ndalambo
20 Januari 1952

Dada yangu Nesta,

Shikamoo, na unisamehe. Nampa barua hii mwinjilisti anayerudi Mbozi, lakini mito imejaa na sijui atafika lini.

Nilijua. Nilijua tangu Septemba. Mama mkwe alikwenda Tunduma kuuza ulezi akayasikia kwa watu wa kahawa kutoka Igamba. Wewe ulikuwa unanificha na mimi nilikuwa nakuficha kwamba nimejua. Mguu wa Sadoki ulipona zamani.

Ruti hajalala chini ya mfarishi wako hata usiku mmoja. Mama mkwe aliutoa kwa fimbo, hakutaka kuugusa, akauchoma nyuma ya ghala. Nilisimama pale pale. Ruti alilia nikamziba mdomo. Sikusema neno, dada, na nilikuwa na mdomo.

Jana nimemsomea Sadoki barua yako yote kwa sauti. Mama yake alikuwa anasikia. Nikawaambia, huyu ni dada yangu, alinibeba mgongoni, alinipa kula nilipoachishwa ziwa. Naijua mikono yake. Nampeleka mtoto. Sadoki akasema nikimpeleka mama yake hatakula tena nami chungu kimoja, na yeye hawezi kumpinga mama yake. Nikasema sawa, nitapika changu.

Tunakuja mimi na Ruti, mito ikipungua tu. Tutapitia kwa Osea tupate lori. Weka maji motoni.

Mdogo wako,
Ketrina

*

Igamba
3 Februari 1952

Ketrina,

Sijapata jibu lako. Labda ni mvua, labda ni wewe. Nawasalimu wote.

Usimlete Ruti.

Nitakueleza kwa nini, halafu tusiliongee tena. Mtoto mkubwa wa Jenista aliugua homa baada ya mwaka mpya. Mume wake yuko migodini ng'ambo, ndugu walikuwa shambani, hakuwa na mtu. Nilikwenda bila kuitwa. Nilimkanda mtoto, nikamnywesha uji, nikamfunika kwa shuka la kwao. Usiku ule alitoka jasho, akaniuliza kama nitakuwepo kesho, nikasema nitakuwepo. Kulipokucha alikuwa amekufa. Jenista hakunifukuza wala hakunitukana. Aliuondoa mkono wangu juu ya mtoto, polepole, kidole kimoja kimoja.

Nilirudi nyumbani nikaanza kufumua ile mifarishi yote. Ketrina, ile bitana ilibaki nyingi. Ilikuwa kitambaa kizuri, nami sijawahi kutupa kitambaa kizuri. Niliigawa kidogo kidogo. Huyu kapungukiwa pembeni, nampa. Yule anataka rangi tulivu, nampa. Nilikuwa natafuta nyumba ambayo ina kile kipande na haikufiwa, nipate kusema mnaona. Sikuipata. Najua surua ilipita kila nyumba, yenye mfarishi na isiyo nao. Nilikuwa nawaambia hivyo, na nilikuwa naamini. Sasa nayasema maneno hayohayo peke yangu chumbani na hayanishiki.

Na wa Ruti niliutia pia. Mama mkwe wako alipouliza nilikuambia ni khanga yangu na mabaki ya Osea. Upande wa miguuni kuna kiraka cha mistari ya kijivu. Uchome wote.

Nilikuwa nawaza akija Ruti watu wataniamini. Sikuwaza kwamba mimi mwenyewe sijiamini. Ningekuwa na mtoto wangu wa kumzaa nisingemwacha alale karibu na mimi. Wa kwako je?

Nesta

*

Ndalambo
9 Machi 1952

Dada Nesta,

Shikamoo. Barua yako ya Februari nimeikuta hapa niliporudi. Tulipishana nayo njiani.

Kwa hiyo sasa najua kwa nini hukutufungulia, lakini bado nataka uniambie mwenyewe. Tulifika Igamba jioni, tumelowa, lori lilikwama tukatembea. Ruti hakulalamika. Alikuwa amesuka nywele upya kwa Osea, mke wa Osea ndiye aliyemsuka, ili upendezwe. Moshi ulikuwa unatoka kwako. Nikabisha hodi. Nikaita, dada, ni mimi Ketrina. Nikaita jina lako la utotoni, ambalo hakuna mwingine aliye hai anayelijua. Nilikuwa nasikia unavyopumua, Nesta. Tulitenganishwa na ubao.

Kisha Ruti akabisha yeye. Nilimwacha, nikidhani kwake utafungua. Alisema hodi mama mkubwa, nimekuja. Akangoja. Akasema tena.

Tulilala kwa mwinjilisti. Asubuhi tulirudi mlangoni kwako na bado ulikuwa umefungwa. Niliacha maharage na kuku mmoja amefungwa miguu, sijui kama ulimchukua au alikufa pale.

Majirani walisimama wanatazama. Nilitaka waone kwamba nimemleta mtoto wangu kwako kwa hiari yangu. Wameona kwamba umetukataa. Jenista alikuja akaniambia, mama, mrudishe mtoto, dada yako mwenyewe anajua anachofanya. Alikuwa analia.

Hapa nyumbani napika peke yangu. Sadoki anakula kwa mama yake. Sijutii kuja. Ruti ananiuliza alikosa nini. Kila siku, dada. Anauliza kama ni kwa sababu ya meno. Wewe ndiye mwalimu. Niandikie nimwambie nini.

Ketrina

*

Igamba
23 Machi 1952

Ketrina,

Nimepata barua zako zote mbili, ile ya Januari ilifika baada ya ninyi kuondoka. Pole na safari. Pole na chungu chako. Kuku nilimfungua miguu, akaenda zake.

Nilikuwa nyuma ya mlango. Mkono wangu ulikuwa juu ya komeo tangu uliponiita mpaka mlipoondoka, na asubuhi hivyohivyo. Alipobisha yeye niliinua komeo kidogo. Nilikuwa sijawahi kuisikia sauti yake. Nilijua nikifungua ataniegemea, kama ulivyoniandikia, na mimi nitamkumbatia, halafu siku moja atapata homa kama watoto wote wanavyopata, na nitakaa namtazama. Nikalirudisha chini taratibu asisikie.

Usije tena. Usiniandikie mpaka nikuandikie mimi.

Ruti hakukosa kitu. Ana sauti nzuri sana. Akikuuliza, mwambie mlikosea nyumba, na kwamba ndani hapakuwa na mtu.

Nesta